Mbege ya Nyumbani: Majibu kwa Wale Waliotuuliza



Wako wenzetu waliotuuliza mara kwa mara, wengine waziwazi na wengine kwa haya, kama ni kweli kwamba nyumbani mwetu twapika mbege wenyewe. Na kama ni kweli, twaipikaje, na kwa nini watu wa nyumba ya Kikristo wajitie katika kazi ya pombe. Maswali hayo ni ya haki, nasi tumeona vema kuyajibu yote pamoja hapa. Kati yenu wako walimu wanaoulizwa na wanafunzi wao, tena wako akina mama wenye migomba kihambani ambao wangependa kuijua njia. Hatuandiki ili kumvuta asiyekunywa aanze kunywa. Aliyejizuia na akae hivyo kwa amani. Hakupungukiwa na kitu. Twaandika kwa ajili ya nyumba ambazo pombe huingia kwa desturi ya ukoo, itafutwe au isitafutwe, ili watu wake wajue kilichomo ndani ya kata.

Huku Uchagani, katika miteremko ya Kilimanjaro, mbege si kinywaji cha kukata kiu tu. Ndiyo inayopelekwa kwa wakwe wakati wa posa na mahari; ndiyo inayonywewa arusini; na mtu akimwendea mwenziwe na jani la sale kuomba radhi, baada ya kupatana hunywa mbege pamoja, na ugomvi umekwisha. Mwenyeji huonja kwanza mbele ya wageni, ili ijulikane kwamba hakuna neno baya ndani yake, ndipo wazee wapokee. Kwa hiyo mbege mbaya si hasara ya ndizi tu. Ni aibu mbele ya watu, na pengine ni hatari ya maisha.

Jambo hili lilitufikia sisi wenyewe mwana wetu alipotaka kuoa. Wazee wa ukoo walituambia ni mbege kiasi gani itupasayo kupeleka kwa wakwe. Tukatazamana. Zamani mama yetu mzee ndiye aliyepikia ukoo mzima, lakini siku hizo mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, wala hakuweza tena kuinua sufuria kubwa. Hakuna mwingine nyumbani aliyejua kazi ile kwa ukamilifu. Majirani walisema, nunueni sokoni, mapipa yapo tele.

Tena lilikuwapo jambo la pili, zito kuliko la kwanza. Kijana wa ndugu yetu alikuwa akikaa kwetu, naye alikuwa amekamatwa na kileo. Alianza kwa viroba, ile pombe kali ya vipakiti. Na serikali ya Tanzania ilipovipiga marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017, yeye aligeukia gongo. Mmoja wetu alisema kwamba kuweka pombe nyumbani ni kumtegea kijana huyu mtego mlangoni mwake. Mwingine alisema kwamba siku ya arusi pombe itakuja kwa vyo vyote, na heri ije ile tuijuayo kuliko ile tusiyoijua. Tulibishana hivyo kwa siku kadhaa, pasipo hasira, lakini pasipo kupatana.

Mwisho tulimwendea mama, tukamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Wanangu, mimi naiogopa pombe ambayo sijui aliyeipika. Nitakaa kitini niwaelekeze, nanyi mtafanya kwa mikono yenu. Na huyo mjukuu wangu msimfiche. Mwiteni aje achanje kuni, na asionje." Tukafanya hivyo. Na haya ndiyo tuliyofundishwa, pamoja na yale tuliyosoma baadaye katika vitabu.

Pombe yo yote hutokana na sukari. Viumbe vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndiyo chachu yenyewe, hula sukari na kutoa vitu viwili: kileo, na hewa ile ifanyayo mapovu. Watu walipika pombe kwa maelfu ya miaka bila kulijua jambo hili. Mfaransa Louis Pasteur alionyesha tangu mwaka 1857 kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai, na mwaka 1876 akatoa kitabu kizima juu ya bia na magonjwa yake.

Basi swali la kwanza la mpishi ni hili: sukari itatoka wapi? Huko Uingereza, katika wilaya za Herefordshire na Somerset, watu husaga matofaa na kuyakamua. Maji yake yana sukari tayari, hata yakiachwa katika pipa huchacha yenyewe, na kinywaji chake huitwa saida. Wapikaji wa bia wa Ulaya hutumia shayiri, nayo ni wanga, ambao chachu haiwezi kuula. Kwa hiyo huiotesha kwanza, maana punje iotapo hufanya vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari. Nafaka iliyooteshwa hivyo ndiyo tuiitayo kimea. Wazee wa Kichaga walizishika njia zote mbili katika chungu kimoja. Ndizi mbichi ni wanga, lakini ikiiva wanga wake hugeuka sukari. Na ulezi ukioteshwa hufanya kama shayiri ya Ulaya. Hiyo ndiyo mbege: ndizi mbivu pamoja na kimea cha ulezi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Ndizi hukatwa zikiwa zimekomaa, huwekwa mahali penye joto, na kuachwa siku kadhaa mpaka ziive na kulainika. Kisha humenywa na kuchemshwa kwa muda mrefu, kutwa nzima pengine, mpaka rangi yake ielekee wekundu. Huko ndiko kuni nyingi huteketea, na huko ndiko kijana wetu alikopata kazi ya kutosha. Zikishapoa huwekwa katika chombo safi na kufunikwa kwa nguo au majani ya mgomba, zikaachwa zichache siku chache. Kwetu ni kama siku tano, na wakati wa baridi huzidi. Kifuniko kisibanwe hata kidogo, maana hewa ya chachu lazima ipate njia, la sivyo chombo hupasuka. Baadaye hutiwa maji yaliyochemshwa yakapoa, huchanganywa na kuchujwa, na yale maji ya ndizi ndiyo yatakiwayo.

Wakati ndizi zikingoja, ulezi nao hutengenezwa. Huoshwa, huloweshwa usiku kucha, humwagwa maji, kisha hutandazwa safu nyembamba na kufunikwa ili ubaki na unyevu. Kila siku hugeuzwa na kunyunyiziwa maji safi, mpaka vimizizi vyeupe vionekane. Ndipo huanikwa juani upesi, hukauka, na kusagwa. Unga huo wa kimea hupikwa uji mwepesi. Mama alitukataza kuutia katika maji yachemkayo. Alitaka maji ya moto tu, uji ukae humo kitambo kabla ya kuchemka, akisema kwamba hivyo huwa mtamu. Vitabu vyamshuhudia: vimeng'enya vya kimea hufanya kazi vizuri katika joto la digrii 60 mpaka 70 za Selsiasi, navyo hufa maji yakichemka.

Baada ya hapo hutiwa gome la msesewe lililokaushwa na kutwangwa. Mti huu wataalamu huuita Rauvolfia caffra. Ndio uletao ule uchungu wa mbege, kama vile Wazungu watiavyo maua ya hopu katika bia yao. Lakini msesewe una dawa kali ndani yake, wala haufai kutiwa kwa kubahatisha. Kipimo chake mtu ajifunze kwa mpikaji mzoefu, asijipimie mwenyewe. Uji ukipoa kabisa huchanganywa na maji ya ndizi, huachwa usiku mmoja, na kesho yake mbege i tayari. Sisi kwa mkungu mmoja mkubwa hutumia ulezi kilo 2 na maji ndoo moja ya lita 20, lakini kila nyumba ina kipimo chake.

Mbege haingoji. Chachu huendelea na kazi hata baada ya kuiva, na vijidudu vingine huileta ukali. Baada ya siku moja au mbili huwa chungu mno, mwisho huelekea siki. Kwa hiyo lazima ipikwe kwa hesabu ya wageni na kwa siku ijulikanayo. Haiwekwi kabatini kama chupa, ili mtu aiendee peke yake usiku. Jambo hilo tuliliona kuwa jema kwa nyumba yetu.

Sasa tuseme juu ya hatari, maana anayefundisha kazi na kuficha hatari zake hajafundisha.

Kwanza, nafaka. Mwezi wa Januari mwaka 2015, katika mji wa Chitima, jimbo la Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa na wengine wengi wakaugua baada ya kunywa pombe ya kienyeji iliyopikwa nyumbani na kunywewa matangani. Mpishi mwenyewe alikuwa mmoja wa waliokufa. Uvumi ulienea kwamba mtu ametia nyongo ya mamba. Wataalamu walipopima waliona sivyo. Iliyowaua ni asidi ya bongkreki, sumu itokayo kwa bakteria iitwayo Burkholderia gladioli, nayo iliota katika unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Hakuna haja ya mchawi wala adui; unga mbovu watosha. Kwa hiyo ulezi unaonuka uvundo, au wenye ukungu wa kijani au mweusi, usitumike kwa pombe wala kwa uji wala kwa kuku. Utupwe. Mama yetu alitupa sinia zima mbele yetu kwa sababu ya kona moja iliyobadilika rangi, tukaanza ulezi upya, na wakati tulikuwa nao siku chache tu.

Pili, vyombo. Mbege ina ukali wa asidi, na asidi hula madini. Isikae katika mapipa ya mabati, maana zinki yake huyeyuka ikaingia katika kinywaji. Wala katika chombo cho chote kilichowahi kubeba mafuta ya gari, rangi au dawa ya mimea. Chungu, mtungi, pipa la mbao, au chombo cha plastiki kilichofanywa kwa ajili ya chakula, hivyo vyafaa. Navyo vioshwe kwa maji yaliyochemka.

Tatu, gongo. Wengine wanapojua kupika mbege hushawishika kuichemsha tena na kukusanya mvuke wake, ili wapate kinywaji kikali. Hapo twawasihi wasomaji wetu wasimame. Jambo hilo limekatazwa na sheria, tena wauzaji wengine huongeza humo spiriti ya viwandani iitwayo methanoli, ambayo huua na kupofusha. Katika jiji la Nairobi, mwezi wa Novemba mwaka 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine walipoteza macho yao. Mwezi wa Mei mwaka 2014 msiba kama huo uliipata Kenya tena. Anywaye hawezi kuitambua methanoli kwa kuionja. Mtu akinywa pombe kali, kisha akaona ukungu machoni, asilazwe nyumbani apate usingizi. Akimbizwe hospitali saa ile ile.

Basi kwa sababu hizi zote tuliweka taratibu za nyumba yetu, nazo zipo mpaka leo. Hatupiki pasipo siku maalumu na wageni wanaojulikana. Hatuuzi, maana kuuza kwahitaji leseni, na tena muuzaji hutamani mnywaji anywe zaidi. Watoto hawapewi hata kuonja, wala mama mwenye mimba, wala mtu atakayeendesha gari au pikipiki, wala anayetumia dawa za hospitali. Ikibaki, humwagwa kwenye migomba. Na hatujidanganyi kwamba pombe ya nyumbani haina madhara kwa kuwa ni yetu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi wa Januari mwaka 2023 kwamba hakuna kipimo cha kileo kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya. Usafi huondoa sumu za uchafu, haukiondoi kileo.

Taratibu moja imetufaa kuliko zote: kila tupikapo mbege, twapika na togwa, na kuiweka mbele pamoja nayo kwa heshima ile ile. Uji mzito hupikwa, hupozwa mpaka uwe vuguvugu, hutiwa unga kidogo wa kimea na kukorogwa. Baada ya muda mfupi uji ule mzito huwa mwepesi na mtamu, pasipo kutiwa maji wala sukari. Ninyi walimu, hili ni somo zuri la darasani: wekeni mabakuli mawili ya uji, moja tieni kimea na la pili msitie, wanafunzi waone wenyewe jinsi wanga unavyogeuka. Togwa inywewe siku ile ile, kwa kuwa ikikaa nayo huanza kuchacha.

Siku ya kwenda kwa wakwe ikafika. Tulibeba mbege yetu na chungu cha togwa, na kijana yule alikuwa miongoni mwa wabebaji. Mmoja wetu alionja mbele ya watu, wazee wakapokea, wakasifu. Kisha mzee mmoja wa upande wa wakwe, kwa ukarimu wake, alijaza kata na kumnyoshea kijana wetu, maana alimwona amechoka. Kwa desturi kuikataa kata ya mzee ni kumdharau. Kijana akaishika, akatutazama. Sisi hatukuwa na la kusema mbele ya baraza lile.

Ndipo mama yetu akanena kutoka kitini kwake. "Baba, utusamehe. Huyu ndiye aliyechanja kuni zote za mbege hii, naye ameniahidi mimi kwamba hataionja. Ukimpa togwa kwa mkono wako, umetuheshimu sote." Mzee yule alikaa kimya kidogo, kisha akaipokea kata kutoka mikononi mwa kijana, akainywa mwenyewe, akachota togwa na kumpa. Tena akajichotea na yeye. Baada yake watu wengine wawili wakaomba togwa, nao walikuwa watu wazima.

Hatutaki kuwapa hadithi iliyonyoshwa. Mwaka uliofuata kijana yule alianguka tena, tukamtafuta siku mbili. Aliyekamatwa na kileo ni mgonjwa. Ahitaji tabibu na ndugu wa kukaa naye, na kwake yeye hakuna kata moja iliyo ndogo. Siku hizi huenda hospitali ya wilaya kwa siku alizopangiwa, nasi humsindikiza kwa zamu. Kila tunapopika, yeye ndiye asimamiaye ulezi: huugeuza asubuhi na jioni, naye ndiye mwenye neno la mwisho kama sinia litupwe au lisitupwe. Togwa ya nyumba yetu sasa ni yake, na watoto wa jirani huijua siku yake kabla ya sisi kuwaambia.

Mama yetu amezeeka zaidi, lakini bado hukaa kitini pake na kunusa kila chombo. Kwa hiyo twawashauri ninyi mnaotaka kuanza: msianze na pipa. Anzeni na kimea, kwa kilo moja ya ulezi, mpaka mwone kwamba mwaweza kuuotesha bila ukungu. Kisha fanyeni togwa, mara nyingi. Mkiisha kuijua hiyo, ndipo mtafute mkungu mmoja na siku ya wageni. Na kama mnaye mama au bibi aliyeijua kazi hii, mwendeeni mwezi huu, mkakae naye jikoni; maana kipimo cha msesewe hatujakiona kimeandikwa katika kitabu cho chote, kimo mikononi mwao.

Wasalaam.

Ni sisi, wa nyumba moja ya Uchagani.